Sauti Mbili kutoka Ipogolo

Wanaosema kwamba redio ya upepo iliharibu kazi hawakuwahi kufanya kazi bila hiyo redio. Mimi nilifanya. Katika kampuni yetu ya malori, ofisi ya Mbeya, ukitaka kujua kama gari limefika Iringa ulikuwa unaomba simu posta asubuhi, unakaa na baridi ya Mwanjelwa mpaka jioni, halafu unaambiwa laini imekatika Makambako. Ama unamtuma utingo wa basi, naye ujumbe anauacha kilabuni pamoja na akili zake. Lori likiharibika Chimala, dereva alilala chini yake akimwomba Mungu apitishe mtu mwenye huruma.

Mwaka 1976 tukaletewa redio. Ilikuwa sanduku la kijivu, betri ya gari, waya uliopanda mpaka juu ya mlingoti, na kipaza sauti chenye kitufe. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Nikapewa mimi, Tusekile, kwa sababu sauti yangu inapenya kwenye mikwaruzo, na kwa sababu, kwa nini nifiche, nilikuwa hodari. Wiki ileile gari letu lilikwama kwenye matope. Niliita Makambako, Makambako wakatoa fundi, na jioni gari likaingia uani likipiga honi. Siku hiyo nilijiona mkubwa kuliko meneja.

Lakini redio ina ubaya wake, na si mdogo. Kwenye masafa yale tulikuwa wote pamoja, Iringa, Makambako, Rujewa, Mbeya, Tunduma, na yeyote mwingine mwenye sanduku kama letu. Ukisema na mmoja, wote wanasikia. Watu walisahau hilo haraka mno. Karani wa Tunduma aliuza kuku hewani. Yule wa Makambako alimposa binti wa Rujewa hewani, akakataliwa hewani, na barabara nzima ikamcheka mpaka akaomba likizo. Tulijua nani ana mimba, nani anaumwa, nani kesho hayupo ofisini. Tuliona ni raha tupu. Hatukujiuliza ni nani mwingine anasikiliza huku amefunga mdomo wake.

Mimi nilikuwa na tatizo langu la pekee. Mkuu wa bohari ya Iringa, kule Ipogolo kando ya barabara kuu, alikuwa baba mkwe wangu.

Sisi Wanyakyusa, mkamwana hasemi na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, na jina lake halitamki. Hata neno linalofanana na jina hilo analikwepa. Naye mkwe hamwiti mkamwana, hamsalimii, hamtumi. Mtu wa nje akituona hudhani kuna ugomvi, kumbe ni heshima, tena heshima kubwa. Jina lake ni Isakwisa. Ninaliandika hapa kwa sababu kilichokatazwa ni mdomo, kalamu haikutajwa. Dereva wetu mmoja aliitwa Isaya. Mimi nisingeweza kumwita hivyo, nikamwita Nabii, na ofisi yote ya Mbeya ikazoea kumwita Nabii. Mume wangu, Mwalimu Ezekia, alinitania kila siku kwa jambo hilo, lakini najua ningemtaja baba yake asingekula chakula changu wiki nzima.

Sasa hebu fanya kazi ya redio hapo! Siku mzee aliposikia sauti yangu ikiita, "Iringa, Iringa, hapa Mbeya," inasemekana alikiachia kipaza sauti kikaanguka sakafuni. Akamkabidhi karani wake, Lea, binti wa Kihehe kutoka Kalenga. Tangu hapo mzee alimwambia Lea, Lea akaniambia mimi, nami nikamjibu Lea, na Lea akamwambia mzee, ingawa mzee alikuwa amekaa palepale na amesikia kila neno. Kila agizo lilisemwa mara mbili kwenda na mara mbili kurudi.

Meneja wetu, Ndugu Magesa, mtu wa Musoma, alikuwa hajazoea mambo ya huku, na jambo hilo lilimchoma roho.

"Tusekile, hii ni redio ya kampuni, siyo kikao cha posa," aliniambia. "Ratiba zote za mizigo zinatoka Iringa, na mkubwa wa Iringa hasemi na wewe! Miezi yote hii hajakwambia hata hujambo. Kazi gani hiyo?"

"Anasema na mimi, Ndugu Magesa. Anapitia kwa Lea."

"Betri inaisha kwa ajili ya ukwe wenu. Basi nisikilize vizuri. Siku mzigo mmoja utakapopotea kwa sababu ya mambo hayo, kiti hicho nampa mtu asiye na mkwe."

Iliniuma. Nilikipenda kile kiti, nasema wazi. Kabla yake nilikuwa nachemsha chai ya wageni na kufuta vumbi kwenye mafaili. Kwenye kile kiti niliita, na magari makubwa yakasimama au yakaondoka. Sikuwa tayari kurudi kwenye birika.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, ikafika kwa treni dawa ya josho ya wafugaji wa Usangu. Wasukuma waliohamia kule na ng'ombe wao walikuwa wanaisubiri kwa roho juu, maana kupe walikuwa wamewazidi na ndama walikuwa wanakufa kwa ndigana. Walimtuma mzee Bujiku aje kuisindikiza. Alikuwa mtu mrefu, blanketi begani, fimbo mkononi, na alikaa kwenye benchi la ofisi yetu bila kuegemea.

"Binti, hiyo dawa inaenda leo kweli?" aliniuliza.

"Leo hii, baba. Mapipa yapo juu ya gari tayari."

"Nimeacha ndama wamelala chini. Nikirudi mikono mitupu, sijui nitawaambia nini wenzangu."

Nje Nabii alikuwa anapasha injini moto. Ndipo redio ikakwaruza.

"Mbeya, Mbeya, hapa Iringa. Ova."

Ilikuwa sauti ya kiume. Nikakumbuka kwamba Lea alituaga jana yake hewani, mbele ya watu wote: kesho sipo, nina msiba kwetu Kalenga. Nikabonyeza kitufe.

"Iringa, hapa Mbeya, nakupata. Ova."

"Tusekile, mwanangu, hujambo? Ni mimi baba mkwe wako, Isakwisa. Lea hayupo, leo nimeshika redio mwenyewe. Sasa sikiliza, mama. Ile dawa ya josho isiende Usangu, kule wameshapata nyingine. Mwambie Nabii aipeleke Makongolosi, kuna mtu wetu atapokea. Umenielewa, mwanangu? Ova."

Nilitoa mkono kwenye kipaza sauti kana kwamba nimeshika sufuria ya moto. Kwanza nilidhani mzee amepatwa na wazimu. Kisha nikafikiri vizuri, na hofu ikageuka hasira.

Ndugu Magesa alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akapiga makofi mara moja kwa furaha.

"Angalau leo amesema kama mtu! Umeona ilivyo rahisi? Haya, mwambie dereva ageuze gari, anaenda Makongolosi."

"Ndugu Magesa, huyu siye."

"Siye nani?"

"Siye yeye. Siye mkuu wa bohari."

"Amejitaja jina lake, amekutaja jina lako, amemtaja Lea na dereva. Unataka akuletee na picha?"

Mzee Bujiku alisimama. Blanketi likamteleza begani na hakuliokota.

"Usangu tumepata dawa nyingine?" aliuliza. "Nani amepata? Mimi ndiye niliyetumwa."

"Mzee, kaa kwanza. Pengine imepitia Iringa kwa barabara," alisema Ndugu Magesa. Kisha akanigeukia mimi. "Tusekile, ratiba inatoka Iringa. Sisi tunatii. Makongolosi ni mbali, gari liondoke sasa."

Makongolosi ni njia ya Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, kaskazini kabisa, wakati Usangu ni mashariki. Gari likishika njia ile, dawa haitarudi, na ndama wa Bujiku hawatasubiri. Na mimi ningesemwa kwamba nilipokea agizo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikabonyeza kitufe bila ruhusa.

"Iringa, hapa Mbeya. Kama kuna mtu mwingine hapo bohari anayesikia, ajitokeze. Ova."

Mikwaruzo tu. Halafu ikaja sauti nyingine, nzito, yenye kikohozi.

"Meza."

Tukatazamana.

"Wewe meza yangu," ile sauti iliendelea, "tumekaa hapa Ipogolo mimi na wewe tangu asubuhi na hakuna aliyegusa hiki kitufe. Waambie watu wa Mbeya, meza. Bohari haikutuma dawa Makongolosi. Dawa ni ya Usangu. Umesikia, meza? Ova."

Yule wa kwanza akaingia haraka, bado ana sauti tamu.

"Mbeya, msimsikilize huyo, ni mlevi ameingia kwenye masafa yetu. Mtu mzima gani anasema na meza? Tusekile mwanangu, fanya haraka, kuna watu wanasubiri. Ova."

"Ni kweli, mtu gani anasema na meza?" alisema Ndugu Magesa. Akachungulia dirishani na kupaza sauti. "Nabii! Njia ya Chunya!"

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Moyo ulikuwa unacheka, maana sasa nilijua kwa hakika. Nikamwekea meneja kipaza sauti mkononi.

"Ndugu Magesa, nipe nafasi moja tu. Nikikosea, kiti hiki nakiacha mwenyewe leo hii, hutanifukuza."

Alinitazama. Nadhani alitamani kusema ndiyo kwa sababu ya hilo la kiti.

"Unataka nini?"

"Waambie wote wawili kwamba mkamwana yuko hapa. Anaomba baba mkwe wake amsalimie, amwite kwa jina lake."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akabonyeza, akasema kama nilivyomwambia, akaachia. Yule wa kwanza hakuchelewa.

"Hujambo Tusekile, mwanangu mzuri! Ezekia hajambo? Mwambie namkumbuka sana. Haya, gari limeondoka? Ova."

Tukasubiri wa pili. Tulisikia anavuta pumzi. Kiti kilisukumwa huko Ipogolo, tukakisikia mpaka Mbeya.

"Meza!" alinguruma. "Waulize hao watu wa Mbeya walilelewa wapi! Mimi niseme hivyo hewani, nchi nzima inasikia? Mimi? Meza, mwambie huyo meneja wao nikifika huko namchapa fimbo mbele ya madereva wake! Ova!"

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee Bujiku. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyo wa meza ndiye mkwe," alisema. "Hata kwetu Usukumani, mkwe mwenye adabu hasemi tamu namna ile. Yule mwingine ni mwizi."

Ndugu Magesa bado alikuwa ameduwaa na kipaza sauti mkononi, nikaona nimalize.

"Ndugu Magesa, miezi yote hii umelalamika nini? Kwamba mzee hasemi na mimi. Hajaniambia hata hujambo, ni maneno yako mwenyewe. Leo mtu ananiita mwanangu, tena mzuri, na wewe ndiyo unamwamini? Mzee anaisemesha meza yake ili asinisemeshe mimi. Halafu amesema Nabii. Iringa hakuna anayemwita Nabii, wao wanamwita jina lake la ubatizo. Nabii ni jina langu mimi, amelipata kwa kunisikiliza hewani."

Nilimwona anaelewa. Kwanza macho, halafu mdomo, halafu mtu mzima mwenye kitambi akaruka ngazi za ofisi na kukimbilia uani, akipunga mikono yote miwili.

"Nabii! Simama! Usangu! Peleka Usangu!"

Mzee Bujiku alipanda gari na fimbo yake, akakaa mbele karibu na dereva, akaagana nasi kwa kuinua fimbo. Blanketi ilibidi tumrushie dirishani. Gari lilipotoka getini na kushika njia ya mashariki, Ndugu Magesa alirudi akihema, akachukua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wewe bwana mwenye sauti nzuri," alisema, "dawa imeondoka. Imekwenda ilikokuwa inakwenda. Ova."

Hakujibiwa na yule. Alijibiwa na wengine wote. Tunduma, Rujewa, Makambako, wote walikuwa wanasikiliza wakiwa wamebana pumzi, na sasa wakaachia. Mmoja anapiga miluzi, mwingine anagonga debe, na yule aliyekataliwa hewani anauliza kama meza ya Ipogolo imeolewa.

Siku chache baadaye polisi wa Chunya walimkuta jamaa Makongolosi, ana redio aliyoiokota kwenye kambi ya zamani ya watengeneza barabara, na ana wateja wa dawa waliokwisha kumwahidi. Alikuwa ametusikiliza muda mrefu. Alijua Lea ana msiba, alijua mkwe wangu yuko wapi, alijua mume wangu anaitwaje. Yote hayo tulimpa sisi wenyewe bure, kwa kupiga soga kwenye chombo cha kazi. Alisikia Lea anasema kwa niaba ya mzee, akadhani ni kwa sababu ni karani. Kitu kimoja tu hakukijua, kwa sababu hakuna mtu aliyekisema hewani, na hakuna aliyekisema kwa sababu kwetu hakisemwi.

Siku ile yenyewe, mchana ulipoanza kupoa, Rujewa wakaita. Gari limefika. Josho limejazwa, na ng'ombe wanaingizwa tangu saa ileile, na mzee Bujiku amesimama kwenye ukingo wa josho akiimba, hataki mtu mwingine amwage dawa. Nilimrudishia Rujewa "nakupata" mara mbili. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu.

Ndugu Magesa alikuwa anatunga sheria mpya kwa sauti huku anatembea ofisini. Kuku, marufuku. Posa, marufuku. Habari za nani hayupo, marufuku kabisa. Na agizo lolote la mzigo lisemwe, kisha mtu wa tatu alirudie, aliyeagiza akubali, ndipo gari litoke.

"Mara mbili kwenda na mara mbili kurudi," nilimwambia.

"Ndiyo."

"Na betri je, Ndugu Magesa?"

"Tutanunua betri!" alisema kwa ukali, na hakunitazama.

Redio ikakwaruza tena. Kikohozi kile. Nikasukuma kiti nyuma, nikainamisha kichwa, kama ambavyo ningefanya kama angekuwa ameingia chumbani.

"Meza. Mwulize meneja wa Mbeya. Nasikia anasema kile kiti cha redio atampa mtu asiye na mkwe." Sijui nani alimwambia. Kwenye redio hakuna siri. "Mwambie hivi, meza. Mimi mwanzoni nilichukia. Nilisema mke wa mtu wetu atawekaje sauti yake masikioni mwa kila mwanamume wa njia hii. Leo nimesikia ile sauti inasimamisha gari la watu wazima. Basi ile sauti ni ya nyumba yangu. Ikitolewa hapo, na mimi hapa Ipogolo nazima ya kwangu na kwenda kulima. Umesikia, meza? Ova."

Tangu niolewe, hilo lilikuwa neno lake la kwanza juu yangu nililolisikia kwa masikio yangu. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

Ndugu Magesa alisogea karibu, akanipa kipaza sauti mwenyewe.

"Kiti ni chako," alisema polepole. "Haya, mjibu mzee."

"Siwezi kumjibu."

"Nani amesema umjibu yeye?"

Nikatazama juu ya meza yangu. Kilikuwepo kikombe cha chai iliyopoa. Nikakisogeza mbele yangu, nikabonyeza kitufe.

"Kikombe," nilisema, "mwambie aliyesema kwamba ninashukuru: ndaga fijo. Ova."

Tunduma na Makambako wakashangilia mpaka masafa yakajaa, na Ndugu Magesa hakumkataza mtu.